"Monsoon" si mvua tu: maana, asili na matumizi ya neno moja la Kiingereza

Ukimuuliza mwanafunzi wa fakulte yetu neno la Kiingereza "monsoon" lina maana gani, mara nyingi atajibu bila kusita: mvua kubwa. Jibu hilo lina sababu zake. Tumeona picha za barabara za Mumbai au Dhaka zilizojaa maji, na chini yake pameandikwa "monsoon". Aliyepitia Kifaransa kwanza amekutana na "mousson" katika somo la jiografia, pia pamoja na picha ya mvua ya India.

Tuchukue sasa sentensi moja, ya aina inayopatikana katika vitabu vya historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki: "The dhows came down with the north-east monsoon." Mwanafunzi wetu ataandika: "Majahazi yalishuka pamoja na mvua kubwa ya kaskazini-mashariki." Kisarufi, sentensi yake haina kosa. Lakini inasema jambo ambalo halikutokea kamwe. Jahazi haliendeshwi na mvua. Tena, kipindi kinachotajwa hapo ni kipindi cha joto na ukavu pwani ya Kenya na Tanzania.

Makala haya yanajibu maswali matatu. Neno hili lina maana ngapi? Lilitoka wapi? Na sisi tunaosoma na kutafsiri kwa Kiswahili tulishughulikie vipi? Tutaona kwamba jibu la swali la tatu lilikuwa mikononi mwetu tangu zamani, kwa sababu neno "monsoon" ni ndugu wa damu wa neno letu "msimu".

1. Upepo unaogeuka

Maana ya kwanza, ambayo wataalamu wa hali ya hewa huianzia, inahusu upepo. "Monsoon" ni upepo unaovuma kutoka upande mmoja kwa miezi kadhaa, kisha unageuka na kuvuma kutoka upande mwingine kwa miezi kadhaa. Kugeuka huko ndiko moyo wa maana. Upepo usiogeuka hauitwi hivyo.

Sababu yake kubwa inajulikana. Nchi kavu hupata joto upesi na kupoa upesi. Bahari hupata joto polepole na kupoa polepole. Wakati wa kiangazi cha kaskazini, bara la Asia linapata joto kuliko Bahari ya Hindi. Hewa ya juu ya bara inapanda, na hewa nzito yenye unyevu inavutwa kutoka baharini kuingia barani. Miezi ya baridi ikifika huko, mambo yanapinduka: bara linapoa, na hewa kavu inatoka barani kwenda baharini. Mwingereza Edmond Halley, yule ambaye jina lake limepewa nyota yenye mkia, alijaribu kuzieleza pepo hizi kwa nguvu ya joto la jua katika andiko lake la mwaka 1686. Wataalamu wa baadaye wamesahihisha na kuongeza mengi, hasa kuhusu mzunguko wa dunia, lakini wazo la joto limebaki.

Pwani ya Waswahili pepo hizo mbili zina majina. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Kwa karne nyingi biashara ya Bahari ya Hindi ilifuata ratiba hiyo: vyombo vya Arabuni, Ghuba na India vilishuka kwa kaskazi, vikarudi kwa kusi. Aliyechelewa alingoja mwaka mzima.

Tuangalie tukio moja linaloonyesha uzito wa jambo hili. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyempata hapo, wakati upepo ulipokuwa umeanza kuelekea India. Alivuka bahari kwa muda wa chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja upepo ugeuke. Mwanzoni mwa Oktoba aliiacha pwani ya India, na hakuiona pwani ya Afrika mpaka mwanzoni mwa Januari 1499. Bahari ni ileile, merikebu ni zilezile, lakini safari ilichukua karibu miezi mitatu na mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye. Kujua majira ya upepo kulikuwa jambo la kufa na kupona. Si ajabu kwamba Wareno walilichukua neno la watu waliokuwa na ujuzi huo.

2. Kutoka upepo hadi mvua

Kama "monsoon" ni upepo, mvua imeingiaje?

Imeingia kupitia India. Upepo wa kusini-magharibi unaotoka baharini unaingia India ukiwa umebeba unyevu mwingi. Huko jimbo la Kerala, kusini kabisa, siku ya kawaida ya kufika kwake imewekwa kuwa tarehe 1 Juni. Kuanzia Juni hadi Septemba, sehemu kubwa ya India hupata zaidi ya asilimia 70 ya mvua yake ya mwaka. Mkulima wa huko hangoji upepo kwa ajili ya upepo. Anangoja kile ambacho upepo umebeba. Kwa hiyo katika Kiingereza kilichosemwa India jina la upepo lilihamia kwenye majira yake, kisha likahamia kwenye mvua ya majira hayo. Wanaisimu huuita mwendo huu metonimia: kitu kinapewa jina la jirani yake. Sisi pia tunafanya hivyo tunaposema "jiko zima limelala na njaa", na hatumaanishi mafiga.

Hivyo tunapata maana tatu, moja ikizaa nyingine:

Kwanza, upepo unaogeuka kwa majira: "the north-east monsoon".

Pili, majira ya mvua yanayoletwa na upepo huo: "during the monsoon", yaani katika majira hayo.

Tatu, katika mazungumzo ya kawaida, mvua kubwa yoyote, kwa kutia chumvi. Mtu wa London anayerudi nyumbani ameloa anaweza kusema "It's a monsoon out there", ingawa London haina upepo wa namna hiyo wala haijawahi kuwa nao.

Kipimo kizuri cha kuonyesha kwamba maana ya kwanza bado iko hai ni maneno mawili "dry monsoon". Kama "monsoon" ingekuwa na maana ya mvua peke yake, maneno hayo yangekuwa sawa na kusema "mvua kavu". Lakini ni usemi wa kawaida katika vitabu vya jiografia: ni upepo ule wa miezi ya baridi unaotoka barani bila unyevu. Hata huo si mkavu kila mahali. Ukipita juu ya Ghuba ya Bengal unachota maji na kuyamwaga Tamil Nadu, kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo mvua ni tokeo la upepo pamoja na mahali, wala haikai ndani ya neno lenyewe.

Pwani ya Kenya na Tanzania inatupa ushahidi zaidi. Mvua zake kubwa, masika, huangukia kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli huangukia kati ya Oktoba na Desemba. Vipindi vyote viwili viko karibu na wakati upepo mmoja unapoondoka na mwingine unapoingia. Huko, mtu anayetafsiri "monsoon" kwa "mvua" ameweka mvua katikati ya kaskazi, mahali ambapo wenyeji wanatarajia jua kali.

Neno limesafiri hata Marekani. Jimbo la Arizona lina kipindi cha ngurumo na mvua za ghafla, kinachokuja pamoja na kugeuka kwa upepo. Tangu mwaka 2008 idara ya hali ya hewa ya Marekani imekiwekea tarehe: 15 Juni hadi 30 Septemba. Watu wa huko huita hata tufani moja ya jioni "a monsoon", na wengine huwasahihisha. Ubishi huo ni uleule wa maana ya kwanza na ya tatu.

3. Alama ya moto juu ya ngamia

Tufuate sasa asili. Kiingereza kilipata neno hili mwishoni mwa karne ya 16 kutoka Kireno "monção", labda kwa kupitia Kiholanzi pia. Kireno cha zamani kilikuwa pia na umbo "moução". Nyuma ya Kireno kuna Kiarabu "mawsim", yaani majira, wakati maalumu wa mwaka, wakati wa soko au wa hija. Mzizi wake ni konsonanti tatu w-s-m, wenye wazo la kutia alama. "Wasm" ni alama ya moto anayochomwa ngamia ili ajulikane ni wa kabila gani. Kwa hiyo "mawsim" ni wakati uliotiwa alama.

Neno hilo moja lilienea kila mahali ambapo Waarabu na Waajemi walifika kwa biashara au dini. Kwa Kituruki ni "mevsim", majira. Kwa Kihindi na Kiurdu ni "mausam", majira na pia hali ya hewa kwa ujumla. Kwa Kimalay ni "musim". Kwa Kifaransa ni "mousson", kwa Kijerumani "Monsun". Na kwa Kiswahili ni "msimu".

Hapo pana jambo la kutufundisha sisi wa lugha za Kiafrika. Katika Kiarabu, sauti "ma-" mwanzoni mwa "mawsim" ni kiambishi kinachounda majina ya mahali na ya wakati. Kiswahili kilipolipokea neno, kilisikia "mu-" au "m-" na kikalisoma kwa sarufi yake cha Kibantu: kiambishi cha ngeli ya tatu. Mara moja wingi ukajitokeza: msimu, misimu, kama mti, miti. Ndivyo ilivyotokea pia kwa "masjid": msikiti, misikiti. Neno halikukopwa tu, lilipewa uraia. Kiingereza nacho kililifanyia kazi kwa njia yake: kilikaza silabi ya mwisho, mon-SOON, sawa na "balloon" na "saloon", na wingi wake ni "monsoons". Ndugu hawa wawili wakisimama pamoja leo ni vigumu kuwatambua. Mmoja amebaki na maana pana ya wakati maalumu (msimu wa mahindi, msimu wa mpira), mwingine amebana maana yake kwenye upepo na mvua.

Na majina ya pepo zenyewe hayako mbali nasi hapa Kongo, ingawa hatuna kaskazi wala kusi. Kaskazi ikipewa kiambishi cha mahali "-ni" inakuwa kaskazini, na kusi inakuwa kusini. Maana yake ni "huko upepo wa kaskazi unakotoka" na "huko upepo wa kusi unakotoka". Mashariki na magharibi yametoka katika Kiarabu, mahali pa jua kuchomoza na mahali pa jua kuzama, na yameundwa kwa "ma-" ileile ya "mawsim". Pande mbili zimepewa majina na jua, mbili na upepo. Kila tunaposema Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, tunataja pepo za Bahari ya Hindi ambazo zilipanda bara ndani ya lugha, pamoja na misafara ya karne ya 19, hadi mahali ambapo zenyewe hazina jina.

4. Neno ndani ya sentensi

Kujua maana hakutoshi. Lazima kujua neno linakaa na nani. Katika Kiingereza "monsoon" ni nomino. Haiwi kitenzi. Unaweza kusema "it is raining", lakini huwezi kuunda "it is monsooning". Mara nyingi hutanguliwa na "the", kwa sababu msemaji anataja jambo linalojulikana na kila mtu wa mahali pale: majira yale yanayorudi kila mwaka. "A monsoon" husikika zaidi katika maana ya tatu, ile ya kutia chumvi. Sifa yake ni "monsoonal". Hutangulia pia nomino nyingine: "monsoon winds", "monsoon rains", "monsoon season".

Tazama hasa vitenzi, maana ndivyo vinavyofichua maana. Upepo "blows" na "reverses", unavuma na unageuka. Majira ya mvua "arrives" au "sets in", yanafika na kukaa, "breaks", yanaanza kwa kishindo baada ya joto kali, "withdraws", yanaondoka. Na kuna kitenzi kimoja kizito: "fails". "The monsoon failed" ina maana kwamba mvua zilizotegemewa hazikuja au hazikutosha. Nyuma ya maneno hayo matatu kuna mashamba yaliyokauka na watu wenye njaa. Anayetafsiri "mvua kubwa ilishindwa" ametoa maneno ya Kiswahili na kuacha habari nje.

Tusichanganye "monsoon" na "trade wind". Hii ya pili ni alizé ya Kifaransa: upepo unaofuata upande mmoja kwa uthabiti, kama ule wa kusini-mashariki tunaoupata Katanga wakati wa kiangazi. Wapo wanaoandika kwa Kiswahili "pepo za biashara", wakidhani "trade" hapo ni biashara. Katika Kiingereza cha zamani "trade" ilikuwa na maana ya njia au mwendo. Upepo uliosifiwa hivyo ni upepo unaoshika njia yake. Kwa hiyo tofauti ni rahisi kukumbuka: alizé inashika njia, monsoon inageuka.

5. Tutafsiri vipi?

Wengine wanaweza kuuliza kama haya si mambo ya wapenda kamusi. Hapana. Fikirini kazi ambayo wengi wetu tunaitarajia: ukalimani. Katika Kivu vimekaa vikosi vya Umoja wa Mataifa kutoka India, Pakistan, Nepal na Bangladesh, na kati ya askari hao na wananchi palihitajika wakalimani wa Kiingereza na Kiswahili. Tuseme ofisa wa India anaahidi kwamba daraja litatengenezwa "before the monsoon". Katika kichwa chake, hiyo ni kabla ya Juni. Mkalimani anasema "kabla ya mvua". Chifu anayemsikiliza anajua kwamba huko Kivu mvua hupungua Juni na kurudi Septemba. Anaelewa kabla ya Septemba. Mkalimani hakuchagua neno la ajabu, na hata hivyo watu wawili wameachana wakiwa na tarehe mbili, zenye miezi mitatu kati yake. Juni itapita, daraja halipo, na mmoja atasema mwingine ni mwongo. Ingekuwa Lubumbashi, ambako mvua hungojwa hadi Novemba, pengo lingekuwa pana zaidi.

Mkalimani mwema hapo angefanya jambo moja dogo: angemuuliza ofisa, "Mwezi gani?" Majina ya majira yanabeba kalenda ya mahali yalipozaliwa, na kalenda hiyo haivuki mpaka pamoja na neno.

Kwa maandishi, napendekeza njia hii, ambayo walimu wetu wanaweza kuipima. Tazama kitenzi na mahali kabla ya kuchagua. Kama sentensi inahusu kuvuma, kusafiri kwa tanga au kugeuka, andika "pepo za msimu". Kama mahali ni pwani ya Afrika ya Mashariki, taja upepo wenyewe: kaskazi kwa ule wa kaskazini-mashariki, kusi kwa ule wa kusini. Kama sentensi inahusu kilimo, kungoja, kuchelewa au kukosekana huko Asia ya Kusini, andika "msimu wa mvua" au "mvua za msimu", na miezi yake ikiwa msomaji anaihitaji. Kama ni mtu anayelalamika kwamba ameloa, "mvua kubwa" inatosha, au "gharika" kama ametia chumvi nyingi.

Wapo wanaoandika "monsuni". Siwapingi katika maandishi ya sayansi, ambako istilahi moja isiyobadilika ina faida yake. Lakini tujue tunachofanya: tunakopa kutoka kwa Waingereza neno ambalo Waingereza walilikopa kwa Wareno, na Wareno kwa watu wa bahari ileile iliyotupatia "msimu". Ni kama kununua kwa mgeni muhogo uliotoka katika shamba la baba mdogo.

Turudi basi kwenye sentensi yetu ya mwanzo: "The dhows came down with the north-east monsoon." Kwa yale tuliyoyaona, tafsiri yake ni fupi kuliko Kiingereza chake: "Majahazi yalishuka kwa kaskazi." Maneno manne, wala hakuna tone la mvua ndani yake. Kabla ya kusema kwamba Kiswahili hakina neno kwa jambo fulani la sayansi, tuwe kwanza na desturi ya kuuliza: watu walioishi na jambo hilo waliliitaje?